Mgomo wa Mtu Mmoja Pale Kråkebakken

Siku niliyoingia kwenye ule mkutano nilikuwa nimekwenda kuhukumiwa. Nilitoka nikiwa kiongozi wa watu ambao lugha yao nilikuwa nimeisoma miezi mitatu na nusu tu.

Sikuhonga mtu. Sikupendelewa. Nilichaguliwa kwa kura, kwenye chumba cha chini ya jengo, kati ya mashine za kufulia na rundo la vigari vya kutelezea kwenye theluji.

Na nilichaguliwa kwa sababu niligoma.

Wakuu, sogezeni viti. Hii nimekaa nayo miaka tisa, na mpaka leo ikinijia nikiwa kwenye basi inabidi nigeukie dirishani. Hapa Bergen ukicheka peke yako, watu wanahama siti.

Naitwa Singano. Kwetu ni Lushoto, milimani, kule ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Kabla ya kuja huku nilikuwa kiwanda cha chai, upande wa kukaushia. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nilijisomea mwenyewe: magazeti ya kufungia vitumbua, vitabu vya sheria za kazi visivyo na jalada, chochote chenye herufi.

Nina ugonjwa mmoja. Sisahau.

Mwalimu mkuu aliyetupeleka darasa la tano zima kumlimia mahindi yake Jumamosi, namkumbuka mpaka rangi ya soksi. Meneja aliyefuta dakika kumi za kunywa chai, ndani ya kiwanda cha chai, nakumbuka mpaka tarehe.

Na babu yangu, mzee Shekiondo, alinisimulia mkoloni alivyowachimbisha matuta kwenye ile milima. Majina kwenye orodha. Nyapara pembeni na kiboko. Asiyetokea anaandikwa, aliyeandikwa anatafutwa. Nilisimuliwa nina miaka saba, na hadi kesho nikiikumbuka ngumi zinajikunja zenyewe.

Kwa hiyo zile dakika kumi tuligoma. Nikaongoza. Dakika zikarudi, mimi nikafukuzwa.

Chama kimoja cha wafanyakazi cha Norwei, rafiki wa chama chetu, kikasikia. Kikanipa nafasi ya mwaka mmoja kusoma lugha yao. Meneja alipopata habari akatamka mbele ya watu getini: "Huyo atarudi kabla nguo zake hazijakauka."

Hilo nalo sikulisahau.

Nilitua mwezi wa kwanza, saa kumi jioni, na giza limeshaingia kama mtu kazima swichi. Mvua inanyesha kutoka pembeni. Nikasema moyoni, hapa nguo kweli hazitakauka.

Chumba nilipata Kråkebakken. Ni ushirika wa nyumba, majengo matatu kwenye mlima, familia arobaini, kila familia mwanachama. Chini ya jengo la kati kuna chumba kidogo cha ushirika, dirisha lake linaangalia miguu ya wapita njia. Nikapewa mpaka mkutano mkuu wa mwezi wa nne. Hapo wangeamua, naendelea au natoka.

Sasa shikeni hili. Mtihani wangu wa lugha ulikuwa mwezi wa sita. Bila chumba hakuna anwani. Bila anwani hakuna kibali. Bila kibali ni ndege, na meneja yuko getini anacheka.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minne, Gudveig, mstaafu wa kuendesha winchi kwenye karakana ya meli. Mabega yake bado yalikuwa ya kazini. Siku ya kwanza akaja na kitu kimefungwa kwenye karatasi, tukaongea kwa Kiingereza cha kuungaunga.

"Karibu Kråkebakken. Chukua."

"Asante sana, mama."

"Mimi si mama yako. Gudveig."

"Sawa, mama Gudveig."

Akaniangalia kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua. "Tutafika," akasema, akaondoka.

Nikafungua. Kipande cha mraba, cha kahawia, kizito, kinateleza kidogo. Nikasema hawa watu wastaarabu, wanakupokea kwa sabuni ya mche.

Nikaiweka bafuni. Siku tatu nafulia soksi.

Siku ya nne darasani, mwenzangu Zulfiya akavuta pua. Zulfiya ni wa Samarkand. Alikuwa amepanga chumba kwa familia moja ghorofa ya pili ya jengo langu, kwa hiyo tulikuwa tunapanda mlima pamoja.

"Kaka Singano, mbona unanukia maziwa?"

"Sabuni yao mbovu. Haitoi povu."

"Sabuni gani?"

Nilipomwelezea, alijishikilia ukutani, akateremka nao taratibu mpaka akakaa sakafuni. Mwalimu akadhani kazimia.

"Ile ni jibini," akasema alipopata pumzi. "Kaka, umefua soksi kwa jibini."

Basi ndivyo nilivyoingia Skandinavia. Kila siku aibu mpya, na kila aibu nacheka nayo kama mlevi. Nilikaa siti ya pembeni mwa mtu kwenye basi lililokuwa tupu, akashuka kituo kilichofuata na nina hakika hakikuwa chake. Nilisalimia ngazi nzima kila asubuhi, mlango kwa mlango, wiki mbili. Hakuna aliyejibu kwa sauti.

Wiki ya tatu, Arnfinn wa ghorofa ya tatu akanitikisia kichwa. Arnfinn ni daktari, mrefu mpaka anainama kila mlango hata usiomgusa. Kile kichwa kilivyotikisika nilishuka ngazi narukaruka. Nikampigia mama yangu Lushoto kumwambia nimepata rafiki.

"Anaitwa nani?" mama akauliza.

"Bado hajasema."

Mambo yakaenda hivyo mpaka katikati ya mwezi wa nne. Theluji ikayeyuka. Chini yake zikabaki kokoto, zile wanazomwaga barabarani majira ya baridi watu wasiteleze. Kila mahali kokoto.

Ndipo likabandikwa lile tangazo.

Mlango wa chumba cha kufulia, karatasi nyeupe. "Jumamosi. Saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Wote. Leta glavu."

Chini yake, orodha ya majina. Jina moja moja, kando ya kila jina kazi yake, na kisanduku cha kuwekea alama. Mstari wa mwisho kabisa: "Singano, chumba cha chini. Kokoto."

Juu kulikuwa na neno moja nisilolijua. Dugnad. Nikafungua kamusi yangu. Kamusi ikasema: kazi ya pamoja isiyo na malipo.

Nikasoma tena. Isiyo na malipo. Wote. Majina. Visanduku.

Wakuu, ngumi zikajikunja.

Nikasema kumbe. Kumbe walinipa jibini wakisubiri theluji iyeyuke. Babu alichimbishwa matuta, mjukuu anaokoteshwa kokoto, orodha ni ileile, imebadilika karatasi tu.

Nilikaa mezani jioni nzima na kamusi. Nikaandika bango kwa herufi za kalamu nene:

"WAKAZI WA KRÅKEBAKKEN. Binadamu hafanyi kazi bila mkataba. Orodha ya majina ni mnyororo wa karatasi. Iondolewe. Jumamosi sitaokota kokoto hata moja. Singano, chumba cha chini."

Nikampandishia Zulfiya asaini.

"Subiri kwanza, kaka. Kwetu Samarkand hii kitu—"

"Kwenu baadaye, dada. Kwanza tusimame."

"Nasema hivi, kwetu jirani akijenga—"

"Umoja kwanza, maelezo baadaye."

"Singano, hivi unanisikia?"

"Zulfiya, wenye nguvu wanashinda kwa sababu sisi tunajadiliana."

Akanitazama. Akachukua kalamu, akasaini kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. "Nasaini kwa sababu wali wangu unaungua," akasema, akafunga mlango.

Nikabandika bango kando ya tangazo. Nikalala kama mshindi.

Asubuhi nikalikuta limesahihishwa.

Nimebandika mabango mengi maishani. Yamechanwa, yamemwagiwa maji, moja lilitafunwa na mbuzi wa mlinzi. Kusahihishwa, sijawahi. Mtu kapita na penseli, taratibu, kwa adabu, karekebisha maneno sita. Chini kaandika: "Hoja nzuri. Mwisho wa kuwasilisha hoja za mkutano mkuu ni Ijumaa."

Nikaona hii ni dharau iliyopigwa pasi.

Jioni Gudveig akagonga.

"Nimesoma karatasi yako."

"Karibu ndani, mama Gudveig."

"Nimesimama tu. Imeandikwa vizuri. Hiyo ya mnyororo wa karatasi nimeipenda." Akaegemeza bega mlangoni. "Kwa hiyo Jumamosi huji?"

"Siji."

"Sawa."

"Sawa vipi?"

"Sawa, huji."

Nikamsubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa vitisho, nina majibu saba kichwani yamepangwa kwa mstari. Yeye anaangalia lile jibini, ambalo sikuwahi kulitoa bafuni, mlango uko wazi.

"Kwa nini iko kule?" akauliza.

"Ni habari ndefu."

"Sawa," akasema tena, akapanda ngazi.

Hakuna kitu kinachomvuruga mchochezi kama neno sawa.

Jumamosi saa nne kasoro robo nilishasimama getini na bango langu kwenye mpini wa ufagio. Mvua ya Bergen ile ile, ya pembeni. Mabega juu. Nikasubiri mapambano.

Wakatoka. Wakubwa, wadogo, wazee, mabuti ya mpira, makoti ya njano. Wakanipita mmoja mmoja. Na wakuu, kila mmoja alinisalimia. Kwa sauti. Watu waliokaa miezi mitatu bila kunijibu, siku ninayowagomea ndiyo wanasema "habari za asubuhi".

Zulfiya akapita na toroli.

"Zulfiya. Ulisaini."

"Nilisaini kwamba wewe huokoti. Mimi nimesikia kuna vafeli za moto."

"Umenisaliti."

"Shika bango vizuri, kaka, limepinda."

Saa tano mvua ikazidi. Wanaume wanne wakaacha kazi, wakabeba turubai na vyuma vyake, wakaja nalo kwangu. Nikasema ndiyo hii, wananiondoa. Wakalisimamisha juu ya kichwa changu. Mmoja akavuta kamba, akauliza kama upepo unanifikia. Nikasema kidogo. Akasogeza chuma.

Mgomo wangu sasa una paa.

Saa sita wakaleta kahawa. Nikakataa. Wakaiacha kwenye kiti. Kiti walileta pia.

Halafu zikaja vafeli, zile keki bapa za vishimo kama sega la nyuki, zinafuka moshi, zimepakwa jemu. Harufu ikapita mbele yangu, ikageuka, ikarudi. Nikakaza macho mbele kama askari wa gwaride. Tumbo likanguruma mpaka mbwa wa watu akageuka.

Lakini kilichonisumbua si tumbo. Mimi nilikuwa namtafuta mtu.

Kwenye kazi ya shuruti yupo mtu mmoja lazima awepo. Nilizungusha macho saa tatu nzima. Nikamwona Arnfinn, daktari mzima, amepiga magoti kwenye matope anazibua mtaro kwa mikono. Nikamwona Gudveig, miaka sabini na minne, juu ya paa la banda la baiskeli, misumari mdomoni, anagonga mabati. Wote wameinama. Simwoni.

Saa saba Gudveig akashuka kwenye ngazi, akaja kujimwagia kahawa karibu na turubai langu.

"Mama Gudveig. Nyapara wenu ni nani?"

"Nani?"

Neno sikuwa nalo kwa lugha yao, nikaeleza. "Yule mtu asiyefanya kazi. Anasimama tu. Pakavu. Anaangalia wenzake wakifanya."

Akafikiri kwa makini, maana ni mtu anayejibu alichoulizwa. Akageuka akaangalia uwanja mzima, jengo la kwanza, la pili, la tatu. Watu wote wameinama. Akanigeukia mimi, chini ya turubai, nimesimama, kikombe cha kahawa kando.

"Leo," akasema, "ni wewe tu."

Akamaliza kahawa yake, akarudi kwenye paa.

Hakusema kwa ubaya. Hata hakucheka. Ndiyo maana iliingia mpaka kwenye mfupa.

Nilisimama saa moja iliyobaki kwa sababu miguu ilikataa kuondoka. Saa nane wakakusanya reki, wakanishukuru kwa kushiriki, naapa, walinishukuru, wakaingia ndani. Nikatazama chini. Uwanja wote umefagiwa unang'aa. Kokoto zimebaki sehemu moja tu: duara dogo, safi kama limechorwa kwa bikari, kuzunguka miguu yangu.

Nilifika chumbani nikampigia mama. Nikamwambia yote, orodha, turubai, vafeli, mwanamke juu ya paa.

Nikasikia sauti kama birika linachemka. Mama yangu alikuwa anacheka.

"Mwanangu. Huo si msaragambo?"

"Msaragambo gani?"

"Msaragambo. Wa kuchimba mfereji wa maji, wa kumwezekea mjane. Kijiji kizima kinatoka. Umesahau?"

"Babu alilazimishwa, mama. Matuta. Kiboko. Alinisimulia."

"Hayo ni ya mkoloni na ni kweli, mgongo wake nimeuona mimi. Lakini babu yako huyohuyo ndiye alikuwa mpiga pembe wa msaragambo. Akipuliza asubuhi, mlima mzima unajibu. Wewe ulikuwa unabebwa mabegani kwake, unaziba masikio."

Nikakaa kitandani.

"Wewe tangu utoto ni hivyo," mama akaendelea, bado anacheka. "Kofi moja utalikumbuka miaka thelathini. Mabega uliyobebwa, hukumbuki."

Jamani. Mimi mwenye ugonjwa wa kutosahau.

Na kweli, aliposema, ikarudi. Pembe. Mlio wa chini, mnene, unatetemesha mabega uliyokalia. Harufu ya majembe yenye udongo mbichi. Watu wanateremka kwenye ukungu wakitaniana, nani kachelewa, nani mke wake kamficha. Na uji kwenye sufuria kubwa. Nilikuwa nimeshika kiboko nikatupa pembe.

Nikapanda kwa Zulfiya.

"Dada, kwenu Samarkand kuna nini?"

"Ahaa. Leo una masikio." Akanifungulia mlango. "Kwetu jirani akijenga, mtaa mzima unakwenda. Tunaita hashar. Anayejengewa anapika pilau. Nilitaka kukwambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinikata maneno mara tatu. Nilihesabu."

Kesho yake nikaamka mapema na uamuzi. Nitamaliza lile duara langu, na njia ya nyuma ya majengo ambayo hawakuifikia. Mkutano ni Jumatano, waone nimejirekebisha. Nikachukua reki ya chuma na toroli bovu linalolia. Kokoto, wakuu, zinapiga kelele kwenye chuma kuliko harusi. Nikawa naimba kabisa.

Dirisha likafunguka. Jingine. La tatu. Nikasema wameguswa.

Arnfinn akatoa kichwa, amevaa nguo za kulalia. "Singano."

"Habari za asubuhi, daktari."

"Leo Jumapili."

"Ndiyo. Nafidia jana."

"Jumapili," akarudia, taratibu, kama anamweleza mgonjwa majibu mabaya. "Jumapili hatupigi kelele."

Nikatazama juu. Madirisha sita, nyuso sita. Mwanamke wa ghorofa ya kwanza alikuwa ameshika kifua kabisa. Jana nimegoma mbele ya familia arobaini, hakuna aliyenung'unika. Leo nimefanya kazi, ndiyo nimeudhi watu.

Nikaweka reki chini kama naweka yai. Nikasukuma toroli kurudi ghalani, linalia njia nzima, kwiii, kwiii, na madirisha yananisindikiza.

Siku mbili zilizofuata sikusoma kitu. Nilianza kukunja nguo. Nilimwona meneja getini, kila jino lake.

Jumatano jioni nikavaa koti langu pekee lenye vifungo vyote. Viti vya kukunja, chupa za kahawa, watu thelathini. Nikachukua karatasi ya ajenda. Ya sita: chumba cha chini. Ya saba: uchaguzi wa bodi, nafasi moja wazi. Ya nane: hoja za wanachama.

Nilikuwa na hotuba ya kuomba radhi, nimeikariri na Zulfiya mara kumi na mbili.

Wakafika ya sita. Gudveig akainua miwani. "Hii ya sita tutaichukua baada ya saba."

Mbinu hiyo naijua. Mchoshe kwanza, mtoe baadaye. Nikakaza kiti.

Arnfinn akasimama, akagusa bomba la dari kwa kichwa. "Kamati ya uteuzi imewapigia simu wanachama ishirini na wawili," akasema. "Wote ishirini na wawili wanaumwa mgongo. Kama daktari, nimeshangaa." Hakuna aliyecheka. "Nafasi ni ya miaka miwili. Nani yuko tayari?"

Sasa angalieni nilipokosea mara ya tatu.

Watu wa Bergen hawaogopi kitu. Wanapanda milima kwenye dhoruba kwa kufurahi. Wanaoga baharini mwezi wa pili. Lakini Arnfinn alipouliza vile, watu thelathini kwa pamoja wakainamisha vichwa wakaanza kukagua viatu vyao. Mmoja alifungua kamba za kiatu ili apate kuzifunga. Ni desturi, mtoto wa hapa anaijua kabla ya kusoma: kwenye swali hilo, huinui macho.

Mimi nilikuwa mgeni. Nilikuwa nimeketi wima, kichwa juu, nasubiri hukumu yangu kama mwanaume.

Macho ya Arnfinn yakazunguka chumba. Yakakuta uso mmoja.

"Singano."

"Nipo."

"Unaonaje?"

"Daktari, mimi ndiye niliyegoma."

"Tunajua. Saa nne nzima, kwenye mvua, bila kuondoka hata dakika. Hakuna mjumbe aliyewahi kutupa saa nne."

"Na nilifagia Jumapili."

"Hilo tutalizungumza," akasema mwanamke wa ghorofa ya kwanza, macho bado kwenye kiatu.

"Lugha yenu sijaimaliza."

"Ndiyo vizuri," akasema Gudveig. "Mikutano itakuwa mifupi. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda haraka kama wanafukuza nzi. Vichwa bado chini. Zulfiya, ambaye hata si mwanachama, alikuwa amenyoosha miwili.

"Wanaopinga?"

Nilikuwa bado natafuta neno la kupinga kichwani.

"Amepita. Turudi ya sita." Gudveig akageuza karatasi. "Sheria yetu inasema mjumbe wa bodi sharti awe na anwani Kråkebakken. Kwa hiyo chumba kinafuata kiti. Miaka miwili. Nani anapinga? Hakuna. Ya nane."

Yaani hivyo. Ile hotuba ya kuomba radhi mpaka leo iko kichwani, haijatumika, mwenye kuihitaji aseme.

"Ya nane," Gudveig akasoma, "hoja ya Singano, chumba cha chini. Kwamba orodha ya majina iondolewe."

Nikaruka kwenye kiti. "Sikuwasilisha hoja."

"Uliibandika Alhamisi. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Nikaiandikisha." Akavua miwani, akaniangalia. "Baba yangu alifanya kazi bandarini hapa, enzi ya vita, wakati nchi hii ilikuwa chini ya watu wengine. Kila asubuhi walikuwa wanasomewa majina. Ile orodha yetu mlangoni sijawahi kuipenda. Sikujua kwa nini, mpaka nilipoisoma kwako."

Akarudisha miwani usoni.

Wakapiga kura. Kumi na tisa kwa kumi na moja. Orodha ikafutwa.

Wakuu, mabango yangu yote, Lushoto mpaka Korogwe, hakuna lililowahi kupita ndani ya dakika nne na kahawa juu.

"Kwa hiyo," Arnfinn akauliza, "bila orodha, watu watajuaje?"

"Hilo ni la mjumbe anayesimamia kazi za pamoja," Gudveig akajibu.

"Ni nani?"

Wote wakanigeukia. Safari hii vichwa vyote vilikuwa juu.

Nikampigia mama. Mwezi mmoja baadaye kikafika kifurushi kutoka Lushoto, kimefungwa kwa kitenge, kimepekuliwa na forodha za nchi mbili. Pembe ya babu.

Mtihani wa mwezi wa sita nikafaulu. Sehemu ya kuzungumza waliniuliza nieleze jambo la kawaida katika maisha yangu ya hapa. Nikawaelezea hili. Mtahini mmoja akatoka nje kunywa maji, mwingine akasahau kuangalia saa.

Meneja wa kiwanda nasikia bado anasubiri getini. Nguo zangu zilikauka, zikachakaa, nikanunua nyingine.

Chumba cha chini nilishahamia ghorofa ya juu, kiti cha bodi hakuna aliyekitaka, kwa hiyo mpaka leo, kila mwaka kokoto zikitokeza, Jumamosi saa nne, nasimama pale getini nilipochorewa duara, napuliza. Mbwa wanabweka, milango inafunguka, Gudveig anatoka na nyundo yake, sasa ana miaka themanini na mitatu na hasikii la mtu kuhusu paa. Jumapili sipulizi. Naipenda roho yangu.

Mwaka huu mwanafunzi mpya wa chumba cha chini, dada mmoja kutoka Peru, kabandika karatasi kando ya tangazo langu. Anasema hizi ni kazi za kitumwa na mpiga pembe ni dikteta. Nimeisoma mara mbili nikitabasamu kama mjinga. Nimetoa penseli, nimerekebisha maneno manne. Chini nimeandika mwisho wa kuwasilisha hoja ni lini.

Jumamosi nitampelekea turubai.

Msije mkasema Singano kalainika. Miaka miwili baada ya hayo niliingia kiwanda kimoja cha samaki, jina lake nabaki nalo, na kule nyapara alikuwepo kweli, na saa mkononi, anapima mtu anakaa chooni dakika ngapi. Tuligoma siku tisa. Na Kråkebakken nzima ilishuka mlimani na chupa za kahawa.

Somo langu ni hilo tu. Ukikuta watu wanafanya kazi bila malipo, usianze kupiga kelele, anza kwa kumtafuta nyapara. Angalia vizuri, zungusha macho uwanja mzima. Ukimwona, goma, na mimi niite, bango ninalo. Usipomwona, weka bango chini haraka ushike reki, kwa sababu inawezekana anayetafutwa ni wewe.